Mwanasesere Kabla ya Mgonjwa



Imo Hadithi katika Sunan ya Abu Dawud ambayo mwanafunzi wa tiba angepaswa kuijua kabla ya kuvaa koti jeupe. Maana yake ni kwamba anayewatibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mafakihi wamejadili mengi juu ya dhamana hiyo. Lakini yule ambaye bado anajifunza ataupata wapi ujuzi? Kila daktari ana sindano yake ya kwanza, na mara nyingi anayechomwa ni maskini wa hospitali ya serikali, asiyethubutu kuuliza anayemshika mkono ni nani.

Njia mojawapo ya kutoka hapo ni mafunzo ya mwigo, yaani kuiga hali ya kweli ili mtu akosee pasipo kuumiza mtu. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Stavanger, Norwei, ambaye kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza vitu vya watoto kuchezea, alitoa mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima wa kujifunzia kupuliza pumzi mdomo kwa mdomo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio la madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Baadhi yao walijizoeza kwanza kwenye kompyuta, kisha wote wakaingia chumba cha upasuaji kutoa kifuko cha nyongo. Waliojizoeza walimaliza kukitenganisha kwa haraka zaidi kwa asilimia 29. Wasiojizoeza walielekea mara tano zaidi kukijeruhi kifuko hicho au kuunguza sehemu isiyohusika.

Hata hivyo, habari ninayotaka tuisome kwa makini ni ya karibu zaidi. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, wakunga walifundishwa kwa siku moja, mwaka 2010, namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa. Walitumia mwanasesere wa bei nafuu anayejazwa maji ili awe na uzito wa kichanga. Mwalimu hubonyeza vipira vidogo, naye akalia, akapumua au kitovu kikapiga. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri sana. Ndani ya chumba cha kujifungulia, utendaji haukubadilika.

Hapo ndipo penye elimu. Kufaulu mtihani wa mwanasesere kulikuwa jambo moja, na mkono kufanya kazi usiku wa manane, mama akilia na damu ikitoka, lilikuwa jambo jingine. Basi wakabadili utaratibu: mwanasesere akaletwa pale pale kazini, na mazoezi yakawa ya dakika tatu hadi tano kila wiki. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kifaa ni kile kile. Ama sisi Waislamu, hatuna sababu ya kushangaa, kwani tumefundishwa kwamba amali ipendwayo zaidi ni ile inayodumu, ijapokuwa ni ndogo. Na yule bwana aliyeswali vibaya Mtume (s.a.w.) alimrudisha mara tatu, mpaka mwenyewe akaomba afundishwe, ndipo akaelezwa hatua kwa hatua.

Wako wanaouliza kama mwanasesere mwenye umbo la mtu si sanamu. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na wanazuoni wengi wakaruhusu, baadhi yao walitaja kwamba mtoto hujizoeza malezi kwao. Anayejizoeza kuokoa roho naona ana hoja yenye nguvu zaidi. Isitoshe, mazoezi haya hupunguza kufunua uchi wa mgonjwa mbele ya kundi la wanafunzi pasipo haja.

Shida katika vyuo vingi ni kwamba wanasesere hukaa kabatini, wakatolewa wiki ya mtihani tu. Walio katika uuguzi, ukunga na tiba wangeweza kumwomba mkuu wa maabara ufunguo kwa robo saa kila Jumatano, baada ya swala ya Adhuhuri, wawili wawili, mmoja akitenda na mwenziwe akishika saa.