KUCHAGUA FAKULTE: MAWAZO YASIYO YA KWELI

Wanafunzi wenzetu, na zaidi ninyi wa mwaka wa mwisho: egzamen ya Serikali iko karibu. Kila siku wakati wa mapumziko tunaulizana: "Wewe, utaenda fakulte gani?" Majibu mengi yanatutia wasiwasi. Tuyatazame moja kwa moja.

1. "Asilimia ndiyo inachagua."
Tunawaza kwamba mwenye 75 anapashwa kwenda Udaktari, na mwenye 52 aende kujifunza ualimu. Sivyo. Asilimia inaonyesha namna ulivyojibu maulizo ya siku zile; haionyeshi kazi utakayoipenda miaka makumi tatu. Kaka mmoja tunayemjua alipata asilimia ya juu. Jamaa ikauza ng'ombe, akaingia Udaktari. Akarudilia mwaka wa kwanza, akaanguka tena, akarudi nyumbani. Tulipomwuliza, "Juu ya nini ulichagua ile?" alijibu tu: "Watu wote walisema." Ng'ombe hakurudi.

2. "Institut ni ya walioshindwa."
Mtu akiwa na homa, nani anatazama damu yake katika mashini ya laboratwari? Wengi wanaofanya kazi hiyo wametoka ISTM, na daktari anangojea jibu lao mbele ya kuandika dawa. Nani anatufundisha hesabu hapa? Walimu waliosoma ISP. Bila wao, hata huyo daktari hangefika fakulte.

3. "Opsio ya sekondari imekwisha kufunga njia."
Hapa kuna nusu ya ukweli. Aliyesoma hesabu kidogo atateseka sana Polytechnique, heri ajue mbele. Lakini Sheria inapokea watu wa opsio mbalimbali. Basi tuulize kwanza, tusijifungie mlango sisi wenyewe.

4. "Ukichagua vibaya, imekwisha."
Tumtazame Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu. Alimaliza sekondari mwaka 1974, opsio ya biolojia na kemia. Akakaa miaka miwili Polytechnique kule Kinshasa. Haikuwa njia yake. Mwaka 1976 akaenda Burundi kuanza Udaktari, akamaliza 1983. Alitaka kutunza watoto. Lakini katika hospitali ya Lemera akaona wamama wanakufa wakati wa kuzaa. Akageuza tena, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Mwaka 2018 akapewa Zawadi ya Nobel ya Amani. Alichokiona kwa macho yake ndicho kilimwonyesha njia, si jina la fakulte.

Lakini tusidanganyane: kugeuza kunakula miaka na franga za wazazi. Kwa hiyo tufanye kazi mbele ya kujiandikisha. Twende tukae siku moja na mtu anayefanya kazi ile, tuone mikono yake inafanya nini toka asubuhi mpaka jioni. Tumwombe mwanafunzi wa fakulte ile daftari zake za mwaka wa kwanza, tuzisome. Kisha tuketi na wazazi, tuseme wazi kile tulichoona.

Maulizo ya kujibu katika daftari:
a) Kazi gani nimekwisha kuiona kwa macho, si kwa kusikia?
b) Somo gani ninalisoma hata bila interro?
c) Kama hakuna mtu angejua jina la fakulte yangu, ningeichagua tena?