Jina la Wainwright katika Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Puge imo katika wilaya ya Nzega, kando ya barabara itokayo Tabora kuelekea kaskazini. Asomaye orodha ya majina ya wanafunzi katika sehemu hizo hatakosa kuwakuta akina Kulwa, Doto, Shija na Mabula, wala si katika nafasi ya jina la kwanza tu, bali hata katika nafasi ya jina la baba au la babu. Kwa desturi ya Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma, Kulwa ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, Doto ni yule aliyemfuata, na Shija ni mtoto azaliwaye baada ya mapacha. Mabula ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Kwa asili yake, jina la namna hii halielezi ukoo. Laeleza jinsi mtoto alivyokuja duniani. Akina Kulwa wawili wanaokaa dawati moja huenda wasiwe na udugu wowote, na hakuna mzee wa Puge atakayelistaajabia jambo hilo.

Mwezi wa Agosti 1872 jina la namna nyingine kabisa liliingia Kwihara, karibu na Tabora. Tarehe 14 ya mwezi huo uliwasili kutoka pwani msafara ambao Henry Morton Stanley alikuwa ameuandaa Unguja, ili umfuate David Livingstone katika safari iliyokuja kuwa ya mwisho. Miongoni mwa watu wake walikuwamo vijana wachache waliosomeshwa Bara Hindi, na wawili kati yao, Jacob na John, waliitwa Wainwright. Jacob, ambaye habari zake zinafahamika zaidi, alikuwa Myao. Alitekwa na kuuzwa angali mtoto, akaokolewa na manowari ya Waingereza iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa, akapelekwa shuleni ng'ambo ya bahari. Jina la ukoo wa Kiingereza lilimfikiaje Myao, nalo liliishia wapi? Swali hili laonekana dogo, lakini linagusa msingi wa elimu nzima ya majina: je, jina la ukoo ni ushahidi wa damu?

Asili ya jina lenyewe

Waingereza nao hawakuwa na majina ya ukoo tangu zamani. Kabla ya Wanormani kuitwaa nchi yao mwaka 1066, mtu aliitwa kwa jina moja, na palipotokea wawili wenye jina hilo, waliongezewa la kuwapambanulia: mmoja kwa kazi yake, mwingine kwa kijiji chake, mwingine kwa jina la baba yake au kwa umbo lake. Jina hilo la nyongeza halikurithiwa. Mwana wa mhunzi akiwa mvuvi, aliitwa mvuvi. Polepole, kwa ajili ya mirathi ya ardhi, kodi na kumbukumbu za mahakama, makarani walianza kuandika jina la baba kwa mwana hata kama kazi ilikwisha badilika. Na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na majina ya kurithi.

Wainwright ni jina la kazi. Sehemu yake ya kwanza, wain, katika Kiingereza cha kale ni gari kubwa la kukokotwa na ng'ombe au farasi. Sehemu ya pili, wright, ni fundi atengenezaye kitu. Basi Wainwright ni fundi wa magari ya kukokotwa. Maadamu mafundi wa kazi hiyo walikuwako katika vijiji vingi, jina lilizaliwa mara nyingi na mahali pengi, na wenye jina hilo leo hawawezi kudai kwamba wote ni wa babu mmoja. Hata hivyo halikuenea sawasawa. Sensa ya mwaka 1881, ambayo wachunguzi wa majina huitumia sana kwa kuwa watu wengi walikuwa bado karibu na makwao, inalionyesha kwa wingi katika majimbo ya kaskazini na ya kati, kama vile Lancashire, Yorkshire na Staffordshire. Wahamiaji walilichukua hadi Marekani na Kanada, ambako mji mmoja wa Alberta unaitwa Wainwright kwa heshima ya mkubwa mmoja wa shirika la reli.

Hesabu ya kufa kwa majina

Mwaka 1873 Francis Galton, mwanasayansi wa Kiingereza, aliuliza gazetini kwa nini majina ya familia mashuhuri hupotea mara kwa mara. Wengi walidhani watu wakubwa hawazai sana. Galton alitaka kwanza ijulikane ni majina mangapi yangepotea kwa bahati tu. Jawabu lilitolewa pamoja na mwanahisabati Henry William Watson mwaka 1874, ingawa Mfaransa Bienaymé alikwisha kuligusa jambo hilo mwaka 1845.

Hesabu yake yaweza kufuatwa kwa mfano. Chukua wanaume 1,000, kila mmoja na jina lake, katika nchi ambayo jina hupita kwa wana wa kiume tu. Tuseme robo yao hawapati mwana wa kiume, nusu wanapata mmoja, na robo iliyobaki wanapata wawili. Idadi ya watu haipungui, kwa sababu kwa wastani kila mwanamume anaacha mwana mmoja. Lakini baada ya kizazi kimoja majina 250 yamekwisha. Baada ya vizazi viwili yamekwisha 391 hivi, baada ya vitatu 483, na baada ya vinne 550. Hakuna njaa, vita wala tauni iliyopita. Zaidi ya nusu ya majina yamekufa kwa bahati tu, na yaliyosalia yana watu wengi zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana nchi yenye majina ya kurithi ya siku nyingi huwa na majina machache yenye watu wengi mno, na mengine adimu yaliyoshikwa na familia mbili tatu.

Sasa arudi msomaji Puge. Jina la Kulwa halifuati hesabu hiyo. Kulwa aweza kufa bila mtoto, na jina lisipungukiwe na kitu, kwa sababu mapacha watazaliwa tena mwakani katika nyumba nyingine. Jina linalotolewa na tukio huzaliwa upya kila tukio linapotokea. Lakini jina la Wainwright, lilipofika Kwihara, liliwategemea vijana wawili tu.

Shule ya Sharanpur

Watoto waliookolewa majahazini na kupelekwa Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, waliwekwa katika makao ya wamisionari wa Church Missionary Society huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono, wakabatizwa na kupewa majina mapya. Ukitazama majina ya vijana wa Nasik waliomtumikia Livingstone, chemchemi yake inaonekana. Yuko Simon Price, na msimamizi wa Sharanpur alikuwa William Salter Price. Yuko Richard Isenberg, na Isenberg alikuwa mmisionari wa Bombay. Yuko Carus Farrar, na Farrar vilevile alikuwa mmisionari wa Nasik. Chama hichohicho kilikuwa na desturi kama hiyo Sierra Leone tangu mwanzo wa karne ya 19: wafadhili wa Uingereza walilipa pauni 5 kwa mwaka kwa ajili ya mtoto aliyeokolewa, nao wakapewa haki ya kumchagulia jina. Samuel Ajayi Crowther, aliyekuwa baadaye askofu, alipata jina lake kwa kasisi wa London.

Kwa mintarafu ya elimu ya majina, tendo hili ni tofauti na urithi na pia tofauti na desturi ya Unyamwezi. Jina halikutoka kwa baba, wala halikutoka katika tukio la kuzaliwa. Lilitoka kwa yule aliyeshika kalamu. Desturi hiyo haikuwa ya wamisionari peke yao: watumwa wa pwani nao walipewa majina na mabwana zao, na katika misafara ya Unyanyembe akina Mabruki, Baraka na Farjala walikuwa wengi. Watu wa karne ile waliyaona majina ya Sharanpur kuwa zawadi, na bila shaka yalifungua milango ya kazi. Lakini zawadi hiyo ilifunika jina la nyumbani, na pamoja nalo kijiji na jamaa ambao mtoto angeweza kuulizia baadaye.

Mwenye kalamu

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Abdullah Susi na James Chuma waliongoza shauri la kumrudisha pwani. Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala ulipozikwa moyo wa marehemu, akaandika orodha ya mali zake, na akachonga maandishi katika mti uliokuwa juu ya kaburi hilo. Alichonga jina la Livingstone, tarehe, na majina ya wakuu watatu wa msafara. Jina lake mwenyewe hakulichonga.

Msafara uliwasili Unyanyembe Oktoba 1873, ukamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyeshauri maiti izikwe papo hapo. Wachukuzi walikataa. Kasekera, mashariki ya Unyanyembe, wenyeji walikataza maiti isipite katika nchi yao. Basi wakaifunga upya mfano wa robota la nguo za biashara, huku wakituma mzigo wa uongo urudishwe nyuma kana kwamba ndio unaokwenda kuzikwa. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Jacob alisafiri na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili alikuwa miongoni mwa walioshika sanda ya jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, Mwafrika pekee kati yao. Daftari lake la safari, ambalo ni ushuhuda wa siku zile ulioandikwa kwa mkono wa Mwafrika, limehifadhiwa Blantyre, Scotland, alikozaliwa Livingstone.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mtu aitwaye fundi wa magari alitembea katika njia isiyokuwa na gari hata moja. Kila kitu kilipita kichwani au begani, kwa mizigo ya frasila mbili hivi. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alijaribu kuwapeleka ng'ombe wa kukokota kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Waliposalimika, chama hicho kilileta magari mwaka 1877. Mbung'o waliwaua ng'ombe, magari yakaachwa njiani, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Katika Lancashire kazi ya uwainwright ilizaa majina kwa sababu kila kijiji kilihitaji magari. Unyamwezi, kwa sababu ya nzi mmoja, usingeweza kamwe kulizaa jina hilo. Ilikuwa lazima liletwe.

Damu na jina

Wataalamu wa urithi wa viumbe wana kipimo kizuri cha jambo hili. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, njia ileile ya jina la ukoo la Kiingereza. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Leicester ulionyesha kwamba wanaume wenye jina adimu mara nyingi hushiriki kromosomu Y ya namna moja, ilhali wenye majina ya kawaida hutofautiana sana. Mwaka 2007 wachunguzi hao walitangaza tokeo lisilotazamiwa. Katika jina moja adimu la Yorkshire ya mashariki, wanaume 7 kati ya 18 waliopimwa walikuwa na kromosomu Y ya kundi A1, ambalo ni la Afrika ya Magharibi. Kumbukumbu za familia zao hazikuwa na Mwafrika yeyote. Babu huyo aliingia Uingereza kabla ya karne ya 19 kwisha, pengine zamani zaidi. Jina lake la asili likafa, damu yake ikaendelea kusafiri chini ya jina la Kiingereza.

Jacob Wainwright ni kinyume cha mfano huo. Kwake jina la Kiingereza lilisafiri bila damu ya Kiingereza. Mchunguzi wa kesho akichora ramani ya jina la Wainwright kwa kufuata vitabu vya ubatizo na makaburi, ataweka alama moja magharibi ya Tabora, na asiyejua habari za Sharanpur atamtafuta mhamiaji kutoka Lancashire.

Jacob alirudi Afrika mwaka 1874. Baadaye alifanya kazi na wamisionari sehemu mbalimbali hadi Buganda, kisha akakaa Urambo katika kituo cha London Missionary Society, ambako alifariki mwaka 1892. Miaka sita baadaye kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamoravian. Pwani mambo yalikwenda vingine. Frere Town, makazi yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa watumwa waliookolewa, yalikuwa na watu wa kutosha wa kuendeleza majina hayo, na mwenzake Jacob, Matthew Wellington, aliishi Mombasa hadi mwaka 1935. Si wote waliokubali kufunikwa: James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934, alitoka katika jamii hiyohiyo akiwa na jina la ukoo la Kiafrika.

Kwa upande wa Puge, kinachoendelea sasa kinafanana na kazi ya makarani wa Uingereza wa karne ya 14. Cheti cha kuzaliwa, shule na kitambulisho vinataka jina la mwisho lisilobadilika. Mjukuu wa Kulwa, aliyezaliwa peke yake wakati wa kiangazi, anaandikwa Kulwa, na mwanawe ataandikwa vivyo hivyo. Jina likisharithiwa, linaingia katika hesabu ya Galton kama majina mengine, na baada ya vizazi vinne vitano mwenye kutaka kujua ni Kulwa yupi aliyekuwa pacha kweli atahitaji kuwa na maandishi ya leo.