Bodi Ikinyamaza: Mafunzo Niliyopata Nikiwasha Linux Kutoka Flashi

Nilitaka kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tangi la kijiji, kijiwashe chenyewe umeme unaporudi bila mtu kukigusa. Nikachagua BeagleBone Black, yenye ramu ya 512MB na chipu ya eMMC ya 4GB iliyolehemiwa kwenye bodi. Kuwasha Linux kutoka kadi ya SD kulinichukua jioni moja. Kuihamishia kwenye flashi ya ndani kulinila wiki tatu.

1. Waya wa siriali kwanza

Bodi isiyo na skrini ni bubu mpaka uunge kebo ya siriali kwenye zile pini sita za J1 na kuweka kasi ya 115200. Kebo iwe ya volti 3.3. Ya volti 5 yaweza kuunguza prosesa, kwa hiyo pima kwa mita kabla hujaiunga.

2. Jua ni zamu ya nani

Ndani ya prosesa mna programu fupi isiyobadilishika, ROM. Hiyo hutafuta faili iitwayo MLO, ambayo haitakiwi kuzidi 109KB, kwa sababu wakati huo ramu kubwa bado haijaamshwa. MLO huiamsha ramu, kisha huipakia U-Boot. U-Boot huleta kerneli pamoja na faili ya maelezo ya vifaa vya bodi, na kerneli ndiyo hutafuta mfumo wa mafaili. Ukiona herufi C zikijipanga, CCCC, basi ROM haikupata MLO popote, inangoja iletewe kwa waya. Usihangaike na kerneli. Zamu yake haijafika.

3. Kadi iliyochomekwa si lazima iwe ndiyo iliyosomwa

Hili ndilo lililonitesa. Kwa siku tatu nilijenga U-Boot upya, nikaiandika kwenye kadi, nikawasha, na kosa likabaki lilelile. Siku ya nne nilisoma mstari wa kwanza wa U-Boot kwa utulivu. Huandika tarehe iliyojengwa, na tarehe ile ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Bodi hii huanza na eMMC, kwa hiyo MLO na U-Boot za zamani za ndani ndizo zilizokuwa zikiamka na kuchukua kerneli kutoka kadi yangu. U-Boot niliyokuwa nikiijenga haikuwa imeguswa hata mara moja.

Dawa ni kubonyeza kitufe cha S2 wakati unachomeka umeme, ili bodi iruke eMMC na kuanza na kadi. Kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya hakutoshi, maana pini zinazochagua mahali pa kuanzia husomwa umeme unapoingia tu. Tangu siku hiyo sianzi kutafuta kosa lolote kabla sijaisoma ile tarehe.

4. Usiamini jina la diski

Kadi ikiwemo, kerneli ya zamani niliyokuwa nayo iliiita eMMC mmcblk1. Nilipoitoa kadi, eMMC ileile ikawa mmcblk0, na bodi ikakwama ikingoja diski isiyokuwepo. Itambulishe patisheni kwa PARTUUID, ambayo haibadiliki.

5. Umeme utakatika

Kifaa kikiwa tayari kijijini, mzee anayetunza pampu ya tangi alinipigia alfajiri: "Mwanangu, sanduku lako taa inawaka, lakini ile nyingine haipigi." Nilimshukuru, kwa kuwa alikuwa amenipa nusu ya jibu. Taa inayopiga kama moyo huendeshwa na kerneli. Isipopiga, kerneli haijafika. Usiku ule nilikuwa nimetuma kerneli mpya kwa mbali, na umeme ukakatika kabla haijateremka yote kutoka ramu hadi kwenye flashi. Faili ilikuwepo, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Sasa mfumo wa mafaili husomwa tu, vipimo vina patisheni yao, na kerneli ziko mbili. Kerneli mpya huandikwa, hulazimishwa kushuka kwa amri ya sync, kisha huhakikiwa. U-Boot huhesabu majaribio. Yakishindikana matatu, huiita nakala ya zamani. Saa mlinzi ya prosesa huianzisha bodi upya ikikwama.

Kabla ya kuirudisha kijijini niliiweka mezani nikaichomoa umeme mara hamsini, makusudi, katikati ya kunakili. Mara ya thelathini na saba ilisita, ikahesabu mara tatu, ikaamkia nakala ya pili.