Visima vya Isaka na bomba la parokia

Katika Mwanzo sura ya 26, Isaka anafukua visima vya baba yake Abrahamu vilivyofukiwa na Wafilisti. Watumishi wake wanapochimba kipya, wachungaji wa Gerari wanakigombania, naye anakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho kinagombaniwa: Sitna, uadui. Isaka hapigani. Anasogea mbele, anachimba cha tatu na kukiita Rehobothi, kwa kuwa sasa pana nafasi.

Tuisome sura hii tukiwa na miji yetu midogo mbele ya macho: stendi moja, gulio mara moja kwa wiki, na bomba ambalo mara nyingi limo ndani ya uzio wa parokia. Uzio una sababu zake. Wezi wapo, na sisi tuliokaa parokiani tunalijua hilo. Lakini mama Mlutheri au Mwislamu anayesimama getini na ndoo akimsubiri mlinzi aamke, anajifunza kitu kuhusu Kanisa kabla hajasikia hata mahubiri yetu moja.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), namba 232, anaonesha kwamba watu wanaoungana kutunza mahali pa wote, iwe jengo, chemchemi au uwanja, hujenga pia uhusiano kati yao. Basi jumuiya ndogo ndogo isianze kwa kuchangisha. Ianze na swali: bomba likihamishiwa nje ya uzio, nani atalitunza? Sisi tungependekeza kamati isiyo ya Wakatoliki peke yao, na ufunguo usikae kwa paroko.