Nia Njema Sokoni

Masomo: Mwanzo 23, Mithali 20:14

Wengi wetu hapa Dallas tuna shamba nyumbani, na shambani hakukosi miti miwili mitatu ya makadamia. Mnajua shida yake. Njugu changa na iliyokomaa hufanana kwa nje. Mpaka upasue lile ganda la kijani: kukiwa kweupe ndani ni changa, kukiwa na rangi ya kahawia imekomaa. Sasa mtu akitikisa mti mapema, achanganye, ajaze gunia, hajasema uongo hata neno moja. Amenyamaza tu. Nia njema hupimwa hapo, kwa kile mwenzako hawezi kukiona.

Nikisoma biashara chuoni, sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ilinishangaza. Inasema jambo limefanywa kwa nia njema likifanywa kwa uaminifu, hata kama kulikuwa na uzembe. Yaani unaweza kukosea hesabu na bado uwe na nia njema! Lakini tusikimbilie hapo kujificha. Mtu aliyekataa kuangalia ndani ya gunia makusudi, hiyo "sikujua" yake si kutojua.

Halafu kuna mnunuzi, ambaye sisi wahubiri humsahau. Mithali inamshika: anaponda bidhaa mpaka bei ianguke, kisha akienda zake anajisifu. Broka anayemwambia shosho njugu zake ni takataka, na bei ya kiwandani iko kwa simu yake, ndiye huyo. Kupatana bei si dhambi. Kudharau mali unayoitamani ni kitu kingine.

Ibrahimu alikuwa na msiba, Sara hajazikwa, na Efroni anasema chukua shamba bure. Akakataa. Akapima shekeli 400 za fedha, zile wafanyabiashara walizozikubali, mbele ya watu wa langoni. Hakuacha chochote cha kugombaniwa na wajukuu.

Swali la ushirika wa nyumbani wiki hii: Unahama nyumba ya kupanga. Bomba hukauka siku nne kwa wiki. Mpangaji mpya anakuja kuiona Jumamosi, siku ya maji, na mwenye nyumba amekuomba umwonyeshe. Mgeni hajauliza kuhusu maji. Depositi yako bado haijarudishwa. Utamwambia nini mgeni, na utamwambia nini mwenye nyumba kabla ya Jumamosi?