Saikolojia na Kriminolojia kwa Mpigo: Vidokezo 7

Umechagua masomo mawili yanayofaana. Shangazi atauliza kama unataka kuwa polisi, na jirani ataogopa kwamba unayasoma mawazo yake. Watulize, kisha uanze hivi.

1. Jua kila somo linauliza nini. Saikolojia humwendea mtu: alilelewaje, anafikirije, anaogopa nini. Kriminolojia hupanua macho hadi mtaani, mfukoni, kituo cha polisi na kwenye sheria yenyewe. Kisa chochote ukipewa, kiulize maswali ya pande zote mbili.

2. Ichunguze sheria pia. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu ni yuleyule na uchungu wake ni uleule, ila jana alikuwa mshtakiwa. Mada kama hiyo ina insha nzima ndani yake.

3. Jaribu mwenyewe. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", maili 31.8. Waonyeshe wenzako video fupi, badilisha kitenzi hicho kimoja, usikie majibu. Ukifika kwenye mada ya gwaride la utambulisho, utajua kwa nini neno moja la afisa laweza kumponza asiye na hatia.

4. Takwimu usizikimbie. Zipo katika masomo yote mawili, kwa hiyo zianze wiki ya kwanza. Kila tarakimu iulize imetoka wapi. Mama aliyeporwa simu kwenye matatu akaamua kwenda zake nyumbani hana nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituoni), na katika jedwali la polisi hayumo.

5. Nadharia zilizoanguka zisome kwa makini. Cesare Lombroso alichapisha kitabu chake juu ya mhalifu mwaka 1876, akidai kwamba wapo wanaozaliwa wahalifu na hutambulika kwa maumbile, kama taya na masikio. Wataalamu walishaachana naye, lakini mtaani bado utasikia, "Huyu sura yake tu ni ya mwizi." Ukilielewa kosa la Lombroso, utakuwa na la kujibu.

6. Ulizia leseni mapema. Shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa magereza. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014; isome. Ukienda Uingereza, hakikisha kozi yako ya pamoja inatambuliwa na British Psychological Society, maana si zote zinazotambuliwa. Huku ukisubiri, kumbuka kazi za probesheni, utafiti na ulinzi wa watoto.

7. Kaa mahakamani asubuhi moja. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Vaa nadhifu, zima simu, chukua daftari. Nikiwa mwanafunzi niliketi benchi la nyuma, akaletwa kijana wa miaka 19 aliyeiba betri ya pikipiki. Alikiri. Hakimu akaagiza ripoti ya afisa wa probesheni, nami nikarudi siku ilipotolewa. Ilitaja kifo cha baba yake, usingizi uliompotea tangu msibani, karo iliyokosekana, na gereji alikolala na vijana walionunua vyuma bila kuuliza vilikotoka. Huzuni na mtaa vilikuwa katika karatasi moja, na hakimu aliisoma yote kabla ya kusema neno. Soma kwa bidii, ili siku moja karatasi kama hiyo ukiiandika wewe, usimwache mtu nusu.