Kuku na Viazi: Somo la Jikoni kwa Bwana na Bibi



Mwezi huu tuingie jikoni. Huenda mkashangaa ukurasa wa ndoa kuzungumza juu ya sufuria. Lakini jiulizeni: ni mara ngapi ugomvi wa nyumbani umeanzia mezani?

Chukueni mfano wa bwana na bibi wanaokaa Tuala, kule kati ya Rongai na Kitengela. Bwana ni mtu wa Kakamega. Bibi amezaliwa Nyandarua, nchi ya viazi. Jumapili moja baada ya Misa bibi alipika kuku na viazi katika sufuria moja. Bwana akatazama sahani yake: viazi vimevurugika, nyama bado ngumu, na firigisi imekatwakatwa ndani ya mchuzi. Akaisukuma sahani. "Kwetu kuku hapikwi hivi," alisema. "Mwacha mila ni mtumwa." Bibi akanyamaza. Alinyamaza hadi Jumatano.

Nyumba kama hizi ni nyingi Tuala. Wamasai, wenyeji wa mbuga zile, kwa desturi ya zamani walitegemea maziwa na nyama ya mifugo. Kuku hakuwa chakula chao. Leo wamejenga hapo watu wa kila upande wa Kenya, na kila mmoja amekuja na upishi wa mama yake. Hata kiazi ni mgeni: asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, nacho kilifika Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Basi "upishi wa kwetu" nao ulikuwa mpya siku moja.

Kosa lilikuwa wapi?

Bibi alichukua kuku wa kienyeji aliyekomaa na viazi vya Shangi, akavitia motoni pamoja. Kuku wa namna hiyo huhitaji saa moja na nusu au hata mbili. Shangi huiva kwa dakika 20 hivi, na huvurugika upesi. Tena Tuala iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Kuongeza makaa hakuyafanyi yawe moto zaidi. Huyakausha tu, na wengi huko hununua maji. Dawa ni kufunika sufuria, kupunguza moto na kungoja.

Kwa hiyo si Kakamega wala Nyandarua iliyokosea. Ni saa tu. Jaribuni njia hizi tatu:

1. Kuku wa kienyeji wa mchuzi. Mchemsheni kwa chumvi na tangawizi mpaka alainike. Kaangeni vitunguu na nyanya, tieni nyama pamoja na supu yake, kisha viazi vilivyokatwa vipande vikubwa. Dakika 20 za mwisho zatosha. Dania mtie mkiisha kuepua.

2. Kuku wa kuoka bila jiko la oveni. Huyu awe wa kisasa, maana huiva upesi. Mpakeni kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Pangeni viazi nusu nusu chini ya sufuria nzito yenye mafuta kidogo, na nyama juu yake. Funikeni, acheni makaa machache chini, na mengine palieni juu ya kifuniko. Mtazameni baada ya dakika 40.

3. Kuku wa nazi wa Pwani. Pikeni kuku wa kisasa na viazi katika tui jepesi lenye bizari na vitunguu. Vikiiva, tieni tui zito na kukoroga polepole kwa moto mdogo, lisije likakatika.

Angalieni pia afya ya watoto. Kiazi kilichogeuka kijani kina sumu isiyoondoka kwa kuchemsha, kitupeni. Kisu na ubao vilivyokata kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari. Na nyama ya kuku isiliwe ikiwa bado nyekundu karibu na mfupa.

Habari ya firigisi

Turudi kwa wale wawili. Jumatano jioni bwana alirudi na kilo mbili za viazi, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya. Alimenya vibaya, nusu ya kiazi ikaenda na maganda. Bibi akacheka bila kupenda, akamnyang'anya kisu. Ndipo bwana akaeleza. Katika nyumba nyingi za Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama yake alikuwa akimwekea baba kila mara, na tangu mama afariki hakuna mtu aliyemwekea yeye. Bibi naye akasema lake: kwa miaka sita amepika kila siku, na hajasikia neno "asante" hata mara moja.

Je, mngeyajua hayo kwa kutazama sahani iliyosukumwa?

Bwana, unaposema "mama yangu hakupika hivi," mkeo husikia kwamba hatoshi. Kama unakumbuka nyumbani, sema unakumbuka nyumbani. Halafu ingia jikoni umwonyeshe, maana ladha haielezeki kwa maneno. Bibi, desturi ya mumeo inayoonekana ndogo yaweza kuwa ndiyo iliyobaki ya mzazi wake. Muulize kabla ya kukata. Lakini desturi isiwe sababu ya mama na watoto kubakiziwa shingo na miguu kila Jumapili. Firigisi ni moja. Mapaja na kidari vina nafasi ya kuzunguka meza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni chakula gani cha utotoni unachokikumbuka, na nani alikuwa akikupikia?
2. Ni lini mara ya mwisho ulimshukuru mwenzako kwa chakula?
3. Jumamosi ijayo nani atamenya, na nani atakaa karibu na sufuria?

Zungumzeni mkiwa jikoni, mikono ikiwa na kazi. Mambo mengine husemeka kwa urahisi zaidi mtu akiwa anamenya kiazi.